Tarti ya Tatin Inapoharibika: Dalili, Visababishi na Namna ya Kuirekebisha

Tarti ya Tatin ina vitu vinne tu, yaani matufaha, sukari, siagi na kinyunya cha unga wa ngano, na huokwa juu chini: karameli hutangulia kwenye chombo, matufaha hupangwa juu yake, kinyunya hufunika matufaha, na baada ya kuokwa chombo chote hupinduliwa juu ya sahani bapa ili kilichokuwa chini kije juu. Jina lake linatokana na dada wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, waliokuwa na hoteli karibu na stesheni ya reli ya Lamotte-Beuvron, mji mdogo wa eneo la Sologne kusini mwa Orléans nchini Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19. Husimuliwa kwamba tarti hii ilizaliwa kwa ajali, mmoja wa dada hao aliposahau kutandaza kinyunya kwanza. Lakini tarti za kupinduliwa zilijulikana Sologne kabla ya hoteli hiyo kuvuma, na yeyote aliyewahi kuipika anajua kwamba haitoki vizuri kwa bahati. Inapoharibika pana sababu, na sababu hiyo huacha alama inayoweza kusomwa kwenye sahani.

Kwa maoni yangu, karibu alama zote huelekeza kwenye kitu kimoja, nacho ni maji. Takriban asilimia 85 ya tufaha ni maji, hivyo kilo moja na nusu ya matufaha, hata baada ya kumenywa na kutolewa kokwa, huingia chomboni na kiasi cha lita moja ya maji. Penye maji mengi joto halipandi sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali karameli hupata rangi na harufu yake kati ya nyuzi 160 na 175. Kazi kubwa ya mpishi wa tarti hii ni kuyatoa maji hayo kwa wakati wake: yakiisha mapema mno karameli huungua, yakichelewa hubaki mchuzi, na mvuke wake ukikosa njia hulowesha kinyunya.

Ninapoandika tufaha nina maana ya tunda ambalo wengi huliita epo sokoni. Msomaji wa Zanzibar au Mombasa asilichanganye na tufaa la pwani, lile jekundu lenye nyama nyeupe laini kama sifongo, ambalo ni tunda la mti mwingine kabisa na ambalo likiwekwa kwenye karameli litatoa maji mpaka lisinyae lote. Vipimo ninavyovitumia katika maelezo yafuatayo ni vya chombo chenye kipenyo cha sentimita 24: matufaha kilo 1.5, sukari nyeupe gramu 150, siagi gramu 80, na kinyunya cha unga gramu 200, siagi baridi gramu 100, chumvi kidogo na vijiko vikubwa vinne au vitano vya maji ya barafu. Matufaha hupikwa ndani ya karameli juu ya jiko kwa dakika 20 hadi 25, kisha hufunikwa kwa kinyunya na kuokwa kwa nyuzi 190 hadi 200 kwa dakika 30 hadi 35.

Sukari imegeuka chenga

Sukari imeyeyuka vizuri pamoja na maji kidogo, kisha kwa ghafla imekuwa nyeupe na kugandamana kama mchanga uliolowa. Hutokea hivyo pale punje ambayo haikuyeyuka, mara nyingi ile iliyorukia ukingoni mwa sufuria, inapoanguka ndani ya shira na kuwa mbegu ambayo sukari nyingine yote huishikilia na kuganda. Kukoroga ndiko kunakoiangusha. Wapishi wa kaimati wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo sababu hukamulia ndimu kwenye shira yao: asidi ya ndimu huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari nyingine za aina mbili, na mchanganyiko wa sukari zisizofanana haujipangi kuwa chenga kwa wepesi. Kijiko kidogo cha maji ya ndimu kinatosha hapa pia. Pangusa ukingo kwa brashi iliyoloweshwa maji, weka kijiko mbali, na badala ya kukoroga izungushe sufuria yenyewe taratibu.

Ikiwa chenga zimekwisha kutokea, usiitupe sukari hiyo. Ongeza vijiko vikubwa vitatu vya maji, irudishe kwenye moto mdogo, na usubiri mpaka punje ya mwisho iyeyuke kabla ya kuongeza moto. Chenga chache zikibaki hazina madhara, kwa kuwa maji ya matufaha yataziyeyusha yakianza kutoka.

Karameli ni chungu

Uchungu wa karameli iliyoungua hauondoki kwa kuongeza sukari, na mdalasini au iliki haviufichi. Kosa la kawaida ni kuifikisha karameli kwenye rangi yake ya mwisho kabla ya matufaha kuingia, kana kwamba safari yake imekwisha, ilhali bado itakaa kwenye moto kwa karibu saa nzima. Matufaha yakiingia, maji yake huishusha karameli joto na rangi husimama. Lakini maji hayo yakianza kwisha, joto hupanda tena na rangi huendelea pale ilipoachia. Kwa hiyo iondoe kwenye moto inapokuwa na rangi ya asali, tia siagi, panga matufaha, kisha acha rangi ya kaharabu ije yenyewe kadiri maji yanavyopungua.

Chombo nacho kina lawama yake. Sufuria nyembamba ya alumini hupokea moto mahali pamoja, hivyo utaona doa jeusi katikati huku ukingoni sukari ikiwa bado nyeupe. Kikaango kizito cha chuma hushika joto kwa uthabiti zaidi, ingawa weusi wake huyadanganya macho. Ukitumia hicho, dondosha tone la karameli kwenye sahani nyeupe, nalo litakuonyesha rangi ya kweli. Sufuria nene isiyo na mpini, kama zile tunazopikia wali, inafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inaingia kwenye oveni bila shida na kuta zake zilizosimama huyashikilia matufaha. Usitumie kamwe chombo cha keki chenye kitako kinachotoka, kwa maana karameli itapenya kwenye mshono wake na kuungua kwenye sakafu ya oveni.

Karameli ikishatoa moshi na kuwa nyeusi, iache ipoe kisha uanze nyingine, kwa kuwa gramu 150 za sukari hazina thamani ya kilo moja na nusu ya matufaha yatakayoharibika pamoja nayo. Usimwagie maji karameli iliyo motoni katika hali hiyo, kwani itaruka. Nalisisitiza hili kwa moyo wote kwa sababu karameli ina joto kupita maji yanayochemka, na hunata kwenye ngozi. Ikikurukia, weka mahali palipoungua chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na usipake siagi wala dawa ya meno.

Siagi imejitenga na kuelea kama mafuta

Karameli imekauka mno na haina maji ya kutosha kuishikilia siagi. Iondoe kwenye moto, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji moto, ukae mbali kidogo na mvuke, kisha ukoroge mpaka iungane. Kama matufaha yamekwisha kupangwa, endelea tu, kwa kuwa maji yao yatafanya kazi hiyo. Ukitumia majarini ya kupaka mkate badala ya siagi, ladha haitakuwa yenyewe. Majarini za aina hiyo huwa na mafuta pungufu na maji mengi zaidi, na kwa tarti yenye vitu vinne pekee sioni sababu ya kubadilisha kimoja.

Tarti imepinduliwa na mchuzi umetapakaa

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na lina sura mbili ambazo hazitibiwi kwa dawa moja, kwa hiyo chunguza kwanza kilichomwagika. Kama ni chepesi, chenye rangi hafifu na ladha ya maji ya matufaha yaliyotiwa sukari, maji hayakutolewa vya kutosha juu ya jiko. Kama ni kizito, kina rangi nzuri na kinang'aa, ila kinatiririka tu, karameli yako ni njema na kosa ni kwamba umepindua mapema.

Tuanze na sura ya kwanza. Wapishi wengi huogopa kuyaacha matufaha jikoni, wakidhani oveni itamalizia kazi. Lakini kinyunya kikishafunika chombo, mvuke hauna tena njia pana ya kutokea, na maji yaliyomo wakati huo kwa sehemu kubwa ndiyo utakayoyakuta mwishoni. Maji yatoke kabla ya kufunika. Moto uwe wa wastani, si mdogo, wala usiweke mfuniko. Tazama mapovu na usitegemee saa: mwanzoni yatakuwa madogo, mengi na ya haraka, nayo ni mapovu ya maji; baadaye yatakuwa makubwa, mazito, yanayochelewa kupasuka, na ukiinamisha chombo utaona shira nene yenye rangi ya kaharabu ikijikusanya polepole. Hapo ndipo pa kuzima.

Kinga iliyo bora zaidi huanza jana yake. Menya matufaha, yakate robo, uyapange kwenye sinia bila kuyafunika, kisha uyaweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yamebadilika rangi kuwa kahawia, jambo linalomtisha anayelifanya kwa mara ya kwanza, lakini rangi hiyo hufunikwa yote na karameli, na faida yake ni kwamba uso wa kila kipande umekauka na sehemu ya maji imekwenda zake kabla hata hujawasha jiko.

Mwinuko wa mahali unapopikia pia unahusika. Sologne ni nyanda tambarare zisizoinuka sana juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko karibu na nyuzi 100, kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Matufaha yanayochemka kwa nyuzi 94 huchelewa kulainika, kwa hiyo mpishi wa Nairobi aongeze dakika kadhaa juu ya jiko. Lakini rangi ya karameli huja kwa joto lile lile kila mahali, kwa sababu ni badiliko la sukari yenyewe baada ya maji kuondoka.

Kama tarti imekwisha kuokwa, na ukiinamisha chombo unaona maji yakitembea chini ya kinyunya, bado hujachelewa. Shikilia kinyunya kwa mwiko, mimina maji hayo taratibu kwenye kisufuria, yachemshe peke yake mpaka yaupake mgongo wa kijiko, pindua tarti, kisha uimwagie shira hiyo juu. Mara nyingi tarti iliyookolewa kwa njia hii hung'aa kuliko ile isiyohitaji kuokolewa.

Sura ya pili inatibiwa kwa subira. Karameli iliyotoka kwenye oveni ni nyepesi kwa sababu ya joto, na pektini iliyotoka kwenye matufaha, yaani kile kitu cha asili cha matunda kinachogandisha jamu, haijaanza kuishika. Subiri dakika 10 hadi 15.

Matufaha yamekuwa uji, au yameacha mapengo

Vipande vya tufaha hushikana kwa pektini iliyo kati ya chembe zake, na joto huivunja pektini hiyo polepole. Aina ya tufaha ndiyo inayoamua itavunjika upesi kiasi gani. Wafaransa husifu Reine des Reinettes na Calville. Kwenye maduka ya Afrika Mashariki, ambako matufaha mengi hutoka Afrika Kusini, mimi huchagua Golden Delicious kwanza kwa sababu husimama imara, kisha Granny Smith kwa ajili ya ukali wake, ingawa hili la pili huweza kulegea ghafla ukilisahau dakika chache. Kuchanganya aina hizo mbili kwa nusu kwa nusu kumenipa matokeo mazuri. Red Delicious halifai, kwa kuwa nyama yake ni ya ungaunga na ukali wake ni hafifu. Wanaoishi Uingereza waepuke Bramley, ambalo hupendwa huko kwa mapishi mengine kwa sababu huvurugika na kuwa rojo.

Hata aina nzuri huharibika ikikaa ghalani muda mrefu. Kata kipande na ukitafune: kama hakikatiki kwa mlio na kinaacha unga ulimini, tumia matufaha hayo kwa jamu. Kata robo, au nusu kama matufaha ni madogo, kwa sababu vipande vyembamba vitayeyuka kabla shira haijakauka. Mwenye muda anaweza kuyapasha vipande hivyo kwa nyuzi 60 hadi 70 kwa muda wa dakika 20 kabla ya kuvipika. Katika joto hilo kimeng'enya kilichomo ndani ya tufaha huikaza pektini badala ya kuilegeza, na vipande hustahimili zaidi baadaye.

Mapengo nayo hutokea kwa sababu kila kipande kinachopoteza maji husinyaa. Vipange vikiwa vimesimama kwa ubavu, vimebanana kiasi cha kutoingia kidole, na ubakize viwili au vitatu pembeni vya kuchomeka nafasi zinapojitokeza jikoni.

Kinyunya kimelowa, kimesinyaa au kimekuwa kigumu

Kinyunya cha tarti hii huokwa kikiwa juu, kwa hiyo kikitoka kwenye oveni kikiwa laini na cheupe, tatizo ni mvuke au uchache wa joto linalotoka juu. Toboa matundu matatu au manne katikati ili mvuke upate pa kutokea. Kabla ya hapo, usikitandaze juu ya matufaha yanayochemka, kwani siagi iliyomo itayeyuka kabla unga haujashika, nacho kitakuwa kama chapati iliyolowa mafuta. Acha matufaha yapoe kwa dakika 15, huku kinyunya kikingoja kwenye friji. Asiye na oveni anaweza kuoka kwa kupalia makaa, na kwa tarti hii makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache mno chini, kwa sababu cha chini kimekwisha kuiva. Acha uwazi mdogo kwenye mfuniko, la sivyo kinyunya kitapikwa kwa mvuke.

Kikisinyaa na kuacha ukingo wazi, kilisukumwa kikiwa hakijapumzika. Gluteni, yaani protini ya unga wa ngano inayovutika kama mpira, ikivutwa hutaka kurudi ilikotoka, hivyo kipe nusu saa ya baridi baada ya kukanda na robo saa nyingine baada ya kusukuma. Kisukume kiwe kipana kuliko chombo kwa sentimita mbili, na ukingo wake uutumbukize ndani kati ya matufaha na ukuta wa chombo, kwa kuwa huo ndio utakaokuwa bakuli la kuzuia shira baada ya kupindua. Ugumu, kwa upande wake, hutokana na maji mengi na mikono mingi: kanda mpaka unga ushikane tu, ukiwa bado na vipande vya siagi vinavyoonekana, na utumie unga mweupe wa kawaida usiochanganywa na hamira wala baking powder.

Tarti imekataa kutoka

Imengojewa mno na karameli imeganda. Weka chombo juu ya moto mdogo kwa dakika moja au mbili, ukikitikisa taratibu, mpaka uhisi tarti yote inazunguka kwa pamoja. Pitisha kisu ukingoni, funika kwa sahani pana kuliko chombo, shika vyote viwili kwa vitambaa vinene ukiwa umevaa mikono mirefu, kisha pindua kwa mwendo mmoja bila kusita. Anayepindua polepole hujimwagia shira mkononi. Vipande vilivyobaki chini ya chombo vitoe kwa mwiko, uvirudishe mahali pake na kuvibonyeza kidogo, na karameli ya moto itafunika mshono. Kama umetumia chombo cha chuma, usiiache tarti humo mpaka kesho, kwa kuwa asidi ya matufaha itachota ladha ya chuma.

Kinyunya kilichoanza kulegea siku ya pili kinarekebishika. Ikishakuwa imepinduliwa, karameli huendelea kushuka ndani ya kinyunya saa hadi saa, kwa hiyo tarti hii huliwa vizuri zaidi siku ile ile, ikiwa vuguvugu. Iliyobaki iweke kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 10 hadi 15, bila kuifunika, juu ya sinia lililokwisha kupata moto ili kinyunya kikaukie chini.